Majina Kwenye Kioo cha Redio ya Mzee Jairus

Sogeza kiti karibu na redio, msikilizaji. Kama uji uko motoni, uepue kwanza, maana leo sitaki uungue kwa sababu yangu. Mimi ni Chemutai, na saa hii ya Jumapili mchana ni ya wale waliotutangulia.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Jairus Khaemba wa Bumula. Mzee Jairus Khaemba, aliyekuwa bwana shamba huko Kitale kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki wiki sita zilizopita, sokoni Misikhu, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Wengi wenu mnalikumbuka tangazo lake la kifo. Nililisoma mimi. Na baada ya kulisoma, kwa vile mdomo wangu hauna breki, niliongeza ya kwangu. Nilisema lori lilipiga honi, watu wakapiga kelele, mzee akakataa kusogea. Nikasema sikio la kufa halisikii dawa. Baadhi yenu mlinitumia meseji za kucheka. Leo nimekuja kuyameza maneno yale, mbele yenu nyote.

Binti yake, Joan, amekaa hapa studio mbele yangu. Amekuja na CD moja na daftari dogo. Ameniomba nizungumze mimi, kwa sababu yeye akifungua mdomo ni machozi tu. Basi nawasimulia kama alivyonisimulia.

Mzee Jairus alimwoa Nanyama mwaka wa 1979. Yeye kazi yake ilikuwa Kitale, kuwaonyesha wakulima wa Trans-Nzoia nafasi ya mahindi na kipimo cha mbolea. Nanyama alibaki Bumula na shamba, watoto, na kwaya ya kanisa. Kila Jumamosi mzee alirudi nyumbani. Kila Jumamosi, wasikilizaji, miaka na miaka.

Alikuwa mtu wa kubandika majina. Kila gunia la mbegu lilikuwa na karatasi yake. Kila ufunguo ulikuwa na kibao chake. Hata kuku, Joan anasema, walikuwa na majina, na siku ya kuchinjwa mmoja wao watoto walilia kama wamefiwa. Mzee alikuwa akisema kitu kisicho na jina ni kitu cha wizi. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililotupita sote.

Mwaka wa 1998 Nanyama na kwaya yake waliingia studio moja Bungoma wakarekodi kanda. Nyimbo kumi, zote kwa Kibukusu, tano upande wa kwanza na tano upande wa pili. Majina yake nitawatajia kwa Kiswahili ili twende pamoja. Wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza uliitwa Nitakungoja. Nanyama aliutunga mwenyewe. Kanisa liliamini anamwimbia Mungu, na mumewe, akiwa Kitale, aliamini anaimbiwa yeye. Mimi naona wote walikuwa na haki.

Wimbo wa kwanza wa upande wa pili uliitwa Kwaheri ya Nyumba Hii. Huo ni wimbo wa maziko. Nanyama alipofariki mwaka wa 2016, kwaya ilimzika kwa wimbo huo huo. Alizikwa akiimbiwa wimbo aliowafundisha yeye.

Baada ya hapo mzee hakuacha safari zake. Alibaki na nyumba yake ndogo Kitale, na kila Jumamosi akaingia katika gari lake jeupe la zamani, akapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Bungoma, hadi Bumula. Alifagia kaburi, akalala, na Jumapili akarudi. Njiani Nanyama alikuwa akiimba. Kwanza aliimba kwenye kanda. Kisha kanda ikaanza kuchoka, na mwezi wa Juni mwaka jana mzee akaipeleka kwa Ngari ili zile nyimbo ziingizwe kwenye CD.

Ngari mwana wa Gathogo ana kibanda mjini Kitale. Wazazi wake walikuja kulima huko kutoka Nyeri, naye amezaliwa huko huko. Hutengeneza simu, huchapa barua, na huwachomea CD watu wachache waliobaki wenye magari ya umri ule. Kibukusu hajui hata cha kuombea maji. Aliitia kanda kwenye mashine vile ilivyokuwa imekaa, ikacheza hadi mwisho, akaigeuza, ikacheza tena. Akamkabidhi mzee CD.

Mzee alifika Kiminini, akageuza gari.

"Ngari," alisema alipoingia kibandani, "mke wangu hakuimba Track 01."

Maana kile kioo kidogo cha redio ya gari, kile kinachowaka maandishi, kilikuwa kimeandika hivyo tu. Track 01. Track 02. Kama nambari za wafungwa.

"Mzee, si muziki inacheza lakini?" Ngari akauliza.

Mzee alikuwa akimtazama midomo. "Nataka jina. Wimbo ukianza, nione jina yake hapo."

Mara ya pili, Ngari aliziweka nyimbo kama zilivyo kwenye kompyuta, kila moja na jina lake. Redio ikazikataa zote, ikaandika kwamba kuna kosa. Mzee akarudi tena. Mara ya tatu Ngari alipiga simu kwa rafiki yake, akaambiwa kwamba katika ile programu ya kuchomea kuna kisanduku kidogo. Ukikitia alama, majina yanaandikwa ndani ya CD yenyewe. Halafu kwenye redio unabonyeza kitufe cha maandishi na kukishikilia mpaka majina yaje. Ngari hakuwa amewahi kukigusa kisanduku hicho, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kujali.

Akaichukua karatasi ya kava la kanda. Akayanakili majina, herufi kwa herufi, kutoka la kwanza hadi la kumi. Kisha wakaenda wote wawili hadi garini. Wakaitia CD. Ngari akakishikilia kitufe. Kioo kikawaka: NITAKUNGOJA.

Ngari anasema mzee aliweka kiganja juu ya spika ya mlango, akafumba macho kidogo, akafumbua akasoma tena. Alimpa mkono, na huo mkono hakuuachia upesi.

Nyumbani habari hii ilifika kama kichekesho. Joan ni karani katika ofisi moja Bungoma mjini, mtu wa mambo mengi. Alimwandikia babake meseji: "Baba, safari tatu kwa sababu ya majina? Nyimbo za Mama si unazijua zote?" Aliandika kwa sababu mzee alikuwa ameacha kupokea simu. Ukipiga, anakata, kisha anatuma: Andika.

Na huo ulikuwa mwanzo wa jina baya, wasikilizaji wapendwa. Nisikilizeni hapa.

Dada yake, Phelista, anauza nafaka sokoni Myanga. Alimwambia Joan hivi: "Nilimwita mara tatu. Jairus! Jairus! Jairus! Akanipita tu na kofia yake. Nikasema sawa, sasa sisi tumekuwa watu wadogo." Mwaka mzima hakumsalimia tena.

Ndugu yake mdogo, Levi, alimtarajia kwenye vikao vya ukoo. Mzee alihudhuria viwili. Mara zote mbili aliulizwa jambo akajibu lingine, watu wakacheka, hakurudi tena. Levi akasema ni maringo ya mtu wa Kitale. Na neno la namna hiyo halihitaji nauli. Lilifika Bumula nzima.

Sasa tuje mwezi wa Desemba. Joan alipanda gari la babake kutoka Bungoma kwenda Bumula, kupalilia kaburi la mama kabla ya Krismasi. Jua la mchana lilikuwa linapiga kwenye dashibodi upande wa Joan. Mzee akawasha redio.

Ikaanza Kwaheri ya Nyumba Hii. Sauti ya mamake, ikiwa mbele ya sauti za wengine. Joan aligeukia dirishani, hakutaka kuonekana akilia. Hakuwa amesikia wimbo ule tangu siku ya maziko.

Ndipo babake akaanza kuimba. Lakini hakuimba wimbo ule. Aliimba Nitakungoja. Aliuimba kwa furaha, juu ya sauti ya marehemu, vidole vikicheza kwenye usukani.

"Baba," Joan alisema akiwa bado amemgeuzia kisogo. "Baba, heshimu basi. Hii ni wimbo ya mazishi."

Mzee akaendelea kuimba.

"Ati unacheka na kitu kama hii?"

Mzee akaingia ubeti wa pili. Joan akanyoosha mkono, akaizima redio. Kioo kikawa cheusi. Mzee akakiangalia, akamwangalia binti yake, akanyamaza katikati ya neno. Wiki ile Joan alimpigia kaka yake Hillary akamwambia akili ya Baba imeanza kwenda, na kwamba ingefaa anyang'anywe ufunguo wa gari.

Joan ameniruhusu niseme haya. Ananitikisia kichwa hapa. Nasema.

Siku ya kifo ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Mei, saa nne asubuhi. Mzee Jairus alisimama Misikhu kununua ndizi. Alikuwa anarudi kwenye gari lake, mgongo kwa soko. Lori lililokuwa likipakia mahindi likaanza kurudi nyuma. Dereva alipiga honi. Turnboi, utingo wa lori, alipiga bodi kwa kiganja akipiga kelele, "Mzee, toka! Mzee!" Wanawake wa mboga walipiga mayowe. Kila mtu alisikia. Mzee Jairus aliendelea kutembea, pole pole, bila kugeuka.

Waliokuwepo walisema alikataa kutoka. Neno ndilo hilo, alikataa. Polisi waliliandika, mimi nililisoma hewani, na siku ya maziko Levi alisimama mbele ya jeneza akasema, "Ndugu yangu tulimpenda, lakini hakuwahi kusikia mtu." Waombolezaji wakaguna kukubali. Joan naye aliguna.

Wiki mbili baadaye Joan alikwenda Misikhu kulichukua gari. Lilikuwa limehifadhiwa kituo cha polisi, na zile ndizi, zilizookotwa na polisi, zimeozea kwenye kiti cha nyuma. Akawasha injini. CD ikazunguka yenyewe, ikaanza mwanzo. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, kioo kilisomeka vizuri. Kioo kiliandika NITAKUNGOJA.

Spika zikaimba Kwaheri ya Nyumba Hii.

Joan aliangalia kioo. Akasikiliza. Akabonyeza wimbo wa pili. Kioo kikasema MVUA IMEKUJA, spika zikaimba Mavuno. Wa tatu, jina hili, wimbo ule. Wa nne hivyo hivyo. Alikaa pale uani mwa kituo, injini ikinguruma, akazipitia zote kumi. Hakuna hata mmoja uliolingana na jina lake. Kanda ilikuwa imeingizwa upande wa pili kwanza, na majina yameandikwa kuanzia upande wa kwanza. Ngari hakujua, kwa sababu hakuelewa maneno. Kwake ilikuwa kwaya tu, tena nzuri.

Lakini mzee? Mtu aliyebandika jina hadi kwenye kuku? Mtu aliyerudi kutoka Kiminini kwa sababu ya Track 01? Mtu huyo angekubali vipi nyimbo kumi za mke wake zitembee na majina ya uongo, karibu mwaka mzima, kila Jumamosi na kila Jumapili?

Asingekubali, wasikilizaji wapendwa. Hakujua. Mzee Jairus Khaemba alikuwa hasikii. Alikuwa kiziwi. Nalirudia kwa ajili ya aliyewasha redio sasa hivi: Mzee Jairus hakulikataa lori, hakumpuuza dada yake, hakuwadharau watu wa ukoo. Alikuwa hasikii.

Aliyataka majina yale kwa sababu ndiyo yaliyombakia. Alisoma jina kwenye kioo, akaweka kiganja mlangoni akipokea mtetemo, na wimbo wenyewe akauimba kutoka kichwani. Kioo kilipomwambia Nitakungoja, mke wake alimwimbia Nitakungoja. Desemba ile hakuwa akimdhihaki mtu. Alikuwa akiimba pamoja na mkewe, na binti yake akakizima kioo.

Joan alifungua dashibodi akitafuta kitambaa cha kujifuta. Akapata daftari hili lililoko hapa mezani. Karibu kila ukurasa una mwandiko wa mtu mwingine. Nawasomea machache. "Mzee, taa moja ya nyuma imeungua." "Leo hakuna dizeli, ni petroli tu." "Daktari amesafiri, kuja wiki ijayo." "CD itakuwa tayari Alhamisi, Ngari." Wauza mafuta, wauza dawa, watu wa barabarani. Nimelipekua lote. Hakuna mwandiko wa Joan, wala wa Hillary, wala wa Levi, wala wa Phelista.

Kuna swali moja zaidi, kwa mwandiko wa Ngari: "Watoto wako wanajua?"

Joan alikwenda Kitale siku hiyo hiyo kutafuta jibu. Ngari alimpa kiti, akakaa yeye chini kwenye kreti.

"Alinijibu kwa mdomo," Ngari alisema. "Aliniambia, nikiwaambia watanipokonya gari. Na Nanyama yuko ndani ya gari. Akanikataza kusema, dada. Mimi nikaona ni siri ya mtu mzima, nitaisemaje?"

Joan akamweleza kuhusu majina. Ngari hakuamini. Walikwenda garini, na Joan akamtafsiria, wimbo kwa wimbo. Kufika wa tatu Ngari alikuwa ameshika kichwa.

"Mungu wangu. Mtu haskii, amekuja kwangu mara tatu, na mimi nikampatia majina ya uongo."

Alilia, mwanamume mzima, mbele ya wateja. Kisha akasema, "Leta niichome tena. Leo leo. Nitaipanga sawa, na hakuna malipo."

Joan aliitoa CD. Aliishika kitambo, ile iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: NANYAMA. Kisha akairudisha redioni.

"Wacha tu ikae hivyo," alisema. "Hii ndio yake."

Jumamosi iliyofuata aliendesha gari lile kutoka Kitale hadi Bumula. Alipita Kiminini, Kamukuywa, na Misikhu pia. Kila mara kioo kilipoandika jina, yeye aliimba wimbo wa jina hilo, hata spika zilipoimba mwingine. Anasema ni kazi ngumu. Sikio linakuvuta huku, jicho linakuvuta kule. Anasema alipofika Webuye alikuwa amepotea mara nyingi, na ndipo akajua babake alikuwa kwenye ukimya mkubwa namna gani, kama aliweza kuimba bila kuyumba.

Wasikilizaji wapendwa, nilimpigia simu Levi. Aliniambia, "Mimi ndiye nilisimama mbele ya jeneza nikasema hakuwahi kusikia mtu. Sasa nitasimama wapi niyarudishe?" Nilimwambia asimame hapa, pamoja na mimi. Kwa hiyo ni Levi na ni Chemutai: tulikosea. Mzee wetu, utusamehe. Phelista yeye alinipigia mwenyewe. Alilia kwenye simu mpaka salio likaisha.

Pole zetu ziwafikie Joan na Hillary. Ziwafikie Phelista wa Myanga, Levi, ukoo wote wa Bumula, na majirani wa Kitale. Pole na kwako, Ngari. Kosa lako lilikuwa la mkono, letu lilikuwa la roho. Na kwa lile kosa lako ndipo tulipoujua ukweli. Bila hilo, Mzee Jairus angebaki kuwa mkaidi mpaka siku ya mwisho wa dunia.

Na wewe uliye na mzazi nyumbani, fanya jambo moja kabla jua halijatua leo. Mwite akiwa amekupa mgongo. Mwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, usikasirike. Zunguka, usimame mbele yake, akuone uso. Na ukimkuta na daftari, omba kalamu.

Sasa namkabidhi fundi wangu wa mitambo CD hii. Anaitia. Mashine yetu nayo ina kioo, nacho kinawaka. Wale wanaojua Kibukusu mtasikia kwaya ikiaga nyumba, mtasema Chemutai amekosea tena. Sikukosea. Joan ameniomba niutangaze kwa jina alilolisoma babake, na mimi leo nasoma kama alivyosoma yeye.

Kutoka kwa Nanyama, kwenda kwa mumewe Jairus: Nitakungoja.